Shingo imepinda: ni jini au ni dawa?



Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya sala, mama mmoja wa makamo alinisubiri nje ya mlango wa upande wa wanawake. Tulipokwisha kusalimiana alifungua pembe ya leso yake akanionyesha vidonge vya aina tatu vilivyochanganyika, vingine vimeshaanza kupoteza rangi kwa jasho. "Dokta," aliniambia (cheo changu ni afisa tabibu, lakini mtaani sote ni madokta), "mwanangu alipewa hivi alipotoka hospitali. Pesa ya kununua vyote sina. Nimekuwa nikimnunulia hiki cheupe kidogo peke yake, maana ndicho rahisi, na mwenyewe ndicho anachokipenda. Sasa wiki ya pili hii halali, anazungumza na ukuta. Hebu niambie baba, kipi hapa ni cha ugonjwa?"

Nilikitazama kile cheupe. Kilikuwa benzheksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Kidonge hicho hakitibu ugonjwa wa akili hata kidogo. Kazi yake ni kutuliza madhara ya ile dawa nyingine, ile ambayo kijana huyo alikuwa hajaimeza kwa miezi miwili.

Ndugu msomaji, mama yule hakufanya uzembe. Amefanya kama wanavyofanya wengi: amepewa pakiti tatu, ameambiwa "hizi kutwa mara mbili, hii usiku", akaondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba moja ni dawa ya ugonjwa na nyingine ni za kuisindikiza. Leo, inshaallah, tuzitazame hizo za kusindikiza, kwa kuwa karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa akili aliyeanza matibabu karibuni inazo, na makosa mengi yanaanzia hapo.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Maradhi ninayoyazungumzia huitwa skizofrenia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa yaliwapata watu wapatao milioni 24 duniani, yaani takriban mtu 1 katika kila 300. Mara nyingi huanza ujanani, tangu miaka ya mwisho ya balehe hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume huwahi zaidi kuliko wanawake. Kijana aliyekuwa akisoma vizuri anaanza kujitenga, anaacha kuoga, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini jirani anamtilia sumu, au anadai redio inamsema yeye. Kabla ya kuupa ugonjwa jina hilo, mganga wa hospitali anapaswa kuhakikisha kwamba si malaria iliyopanda kichwani, si homa ya uti wa mgongo, si kaswende, si virusi vya ukimwi, wala si bangi au mirungi iliyomvuruga.

Dawa ya msingi ni ile inayozuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini isifanye kazi kupita kiasi. Ya kwanza ya aina hiyo, klorpromazini (wazee wanaikumbuka kama Largactil), ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Ikafuata haloperidoli iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Sindano ya mafuta ya flufenazini, yaani Modecate, hudumu mwilini kwa wiki kadhaa. Siku hizi zipo pia risperidoni na olanzapini. Katika pakiti za mgonjwa wako, moja lazima iwe miongoni mwa hizi au ndugu zake. Hiyo ndiyo nguzo.

Tatizo ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia misuli kwenda kwa ulaini. Ukiizuia, hasa kwa dawa za zamani kama haloperidoli, misuli nayo huweza kugoma. Hapo ndipo linapoanza lile nililotaka kukusimulia.

Usiku nisiousahau

Mwaka 2017 nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, kwenye kituo kimoja cha afya mkoani Tanga. Aliletwa kijana wa miaka 19 akiwa amefungwa kamba, ana vurugu, hajalala siku nne. Nilimchoma sindano ya haloperidoli, akatulia, akalala. Asubuhi alikuwa mpole, akanywa uji. Nikawapa vidonge vya haloperidoli vya wiki mbili pamoja na tarehe ya kurudi, nikajiona nimefanya kazi nzuri. Sikuwapa dawa ya kusindikiza. Kibaya zaidi, sikuwaambia neno lolote kuhusu kinachoweza kutokea.

Siku ya tatu usiku, shingo ya kijana yule ilianza kupinda upande mmoja na kurudi nyuma. Macho yakapanda juu, yakabaki huko, unaona weupe tu. Ulimi ukatoka nje, taya zikakaza, maneno hayatoki. Ndugu yangu, jiweke wewe kwenye nafasi ya wazazi wale. Mtoto tangu mwanzo anasemwa ana jini, sasa ndiyo huyo anageuza macho mbele ya kadamnasi. Mjomba akasema, "Kapandisha! Dawa ya hospitali imemkasirisha." Akaitwa fundi. Wakamfukiza ubani na ubani ukafuatwa na pilipili, jini ambane aseme jina lake. Kijana alikuwa anasikia kila kitu. Akili yake ilikuwa timamu kuliko siku zote za mwezi ule, ila hakuweza kusema. Hayo alinieleza mwenyewe baadaye, nami sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Alfajiri mama yake aliamua kumleta kituoni kwa bodaboda, huku amemkumbatia asianguke. Nilimchoma prometazini, ile iitwayo Phenergan, kwenye msuli. Haikufika nusu saa shingo ikalegea, macho yakashuka, akasema, "Mama, naomba maji." Mama akalia. Mjomba aliyekuja nyuma yao hakuamini. Aliniuliza, "Umesoma aya gani?"

Sikuwa nimesoma aya. Hali ile ni mkakamao wa misuli unaoletwa na dawa yenyewe. Hutokea zaidi katika siku chache za mwanzo za matibabu au baada ya kuongeza kipimo, na wanaopatwa sana ni vijana wa kiume. Hutibika kwa haraka ya ajabu, kwa sindano ya prometazini au ya dawa za jamii ya benzheksoli, pengine na diazepamu. Baadaye mgonjwa hupunguziwa kipimo au hupewa vidonge vya benzheksoli kwa muda. Haiachi kasoro. Lakini ikishika koo mgonjwa akawa anakoroma au anashindwa kuvuta pumzi, hiyo ni dharura, usisubiri kuche.

Hasara ya usiku ule haikuishia kwenye pilipili. Familia ilikata shauri kuwa dawa ya hospitali haipatani na mtoto wao. Ilinichukua miezi mitano, na ziara nyingi za baraza la nyumbani kwao, mpaka wakakubali kuanza tena, na katika miezi hiyo kijana alipotea mara mbili. Kosa lilikuwa langu. Maneno ya dakika mbili tu yangetosha: "Akipinda shingo au macho, si jini, ni dawa, mleteni hapa saa yoyote."

Naomba nisieleweke vibaya. Nimekulia chuoni na nimehitimu madrasa kabla ya kuingia chuo cha uganga. Kuwepo kwa majini ni itikadi yetu, na kisomo cha Qur'ani ni shifaa, sina ubishi. Hata neno majnuun tunalolitumia kwa mwenye wazimu lina asili moja na neno jini katika Kiarabu. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na Waislamu waliotutangulia walilielewa hivyo. Mjini Kairo hospitali ya al-Mansuri iliyojengwa mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na ile ya Arghun mjini Halab ya mwaka 1354 ilisifika kwa kuwatunza, kukiwa na maji yanayotiririka uani na dawa zilizopimwa. Msomee mwanao asubuhi na jioni, na kidonge chake mpe. Mwenye kukwambia uchague kimojawapo anakupoteza. Na anayempiga mgonjwa au kumfukiza pilipili hatoi jini, anatesa Muislamu.

Kidonge cheupe na kazi yake

Turudi kwenye benzheksoli. Inasaidia mambo mawili: huo mkakamao niliousimulia, na hali nyingine inayokuja polepole zaidi, ambapo mgonjwa anatembea kama roboti, mikono haichezi, uso haucheki, mate yanamtoka, na mikono inatetemeka anaposhika kikombe. Watu husema "dawa zimempumbaza". Sivyo, ni misuli. Anaweza kusaidika.

Ila benzheksoli si ya kila mtu wala si ya milele. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri isigawiwe kwa kila mgonjwa kama kinga. Apewe yule mwenye madhara makubwa, kwa muda mfupi, na jambo la kwanza liwe kutazama kama kipimo cha dawa ya msingi kinaweza kupunguzwa. Mgonjwa anayeanza tiba kwa mara ya kwanza huwa anatosheka na kipimo kidogo. Binafsi nimekuta watu wengi waliopandishiwa haloperidoli haraka, wakapinda, wakaongezewa benzheksoli, wakati kupunguza tu kungemaliza shughuli. Wapo pia niliowakuta wanaimeza mwaka wa sita na hakuna anayekumbuka ilianzia wapi.

Ubaya wake ni upi? Inakausha mdomo, inafunga choo, inaziba mkojo hasa kwa wanaume watu wazima, inafanya macho yaone ukungu, na inapunguza kumbukumbu. Kijana anayejitahidi kurudi masomoni au kuendelea na hifdhi anaweza kuonekana amekuwa mzito kwa ajili ya kidonge hiki, si kwa ajili ya ugonjwa. Pia inapunguza kutoka jasho, na klorpromazini nayo inavuruga mwili kupoza joto, kwa hiyo msimu wa kaskazi mgonjwa asishindishwe juani shambani.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Benzheksoli ikizidi humpa mtu msisimko, na ikizidi sana humfanya aone vitu visivyokuwepo. Vijana wa vijiweni wanaijua. Ukiona vidonge hivyo vinaisha kabla ya siku zake, au mgonjwa anakidai hicho kimoja tu kwa nguvu, uliza kinakwenda wapi. Nilipomweleza hivyo mama yule wa leso alinyamaza kidogo, kisha akasema rafiki za mwanawe wamekuwa wakija sana siku hizi.

Lakini usikikate ghafla nacho. Hupunguzwa kidogo kidogo baada ya miezi michache, kwa kuangaliwa na mganga. Na mgonjwa wa sindano ya mafuta asiache benzheksoli kwa sababu tu leo hajameza kidonge kingine, kwani sindano aliyochomwa wiki mbili zilizopita bado inafanya kazi.

Anayeshindwa kukaa

Kuna madhara ya tatu yanayochanganya hata sisi watoa huduma. Mgonjwa hatulii. Anakaa, anasimama, anatembea uani, anabadilisha mguu huu na ule, anasema ndani ya mwili kunawaka. Ukiangalia juu juu unasema wazimu umerudi, ongeza dawa. Ukiongeza, unamchoma zaidi. Wengine huacha dawa kwa sababu ya hali hii peke yake, na wapo waliotaka kujidhuru kwa kuikimbia.

Muulize swali moja: "Ni mawazo yanayokusumbua, au ni miguu?" Akisema ni miguu, au ni mwili hautaki kukaa, mrudishe hospitali. Benzheksoli haisaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kupunguza au kubadilisha dawa ya msingi, na mara nyingi huongezwa propranololi, ile inayojulikana kwa presha na moyo, au diazepamu kwa siku chache. Propranololi isipewe mwenye pumu. Kama mwanao ana pumu, sema kabla hujaulizwa.

Na mgonjwa wa dawa hizi akikakamaa mwili mzima, akawa na homa kali, jasho na kuchanganyikiwa kuliko kawaida yake, hiyo si ya kupewa benzheksoli nyumbani wala si ya kusubiri. Simamisheni dawa, mkimbizeni hospitali kubwa usiku huo huo. Ni nadra, lakini inaua.

Za usingizi, za huzuni na za hasira

Diazepamu, yaani Valium, huongezwa siku za mwanzo kwa sababu haloperidoli inachukua siku na wiki kutuliza sauti na shuku, na nyumba haiwezi kukesha muda wote huo. Ni kwa siku chache, wiki mbili tatu si zaidi. Baada ya hapo mwili unaizoea na kuiacha kunakuwa vita. Isichanganywe na pombe, astaghfirullah, wala na bangi. Na bibi asimwombe mjukuu "kimoja tu cha usingizi". Nimeliona hilo mara nyingi, bibi akaanguka chooni akavunjika nyonga.

Kuhusu huzuni, nataka ukae nami kidogo. Sauti zikishanyamaza, kijana huamka kama aliyetoka ndotoni. Anatazama: shule imemwacha, uchumba umevunjika, watoto wa mtaa wanamwita kichaa. Wakati huo, akili inaporudi, ndipo anapohitaji kuangaliwa zaidi, ilhali sisi ndipo tunapopumua tukasema alhamdulillah amepona. Katika kila wagonjwa 100 wa skizofrenia, wapatao 5 hufa kwa kujiua, na hatari ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo. Akikwambia amechoka kuishi, usimkemee kwa dhambi ya kusema hivyo. Mkalie karibu, ficha dawa na sumu za shambani, mpeleke. Anaweza kuongezewa dawa ya huzuni kama fluoksetini au amitriptilini. Hizi huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kusaidia, na fluoksetini inaweza kupandisha kiwango cha haloperidoli katika damu, shingo ikaanza tena. Kwa hiyo usimnunulie dukani kwa kusikia kwa jirani.

Wale wenye hasira na kupanda na kushuka kwa hisia huongezewa valproeti, karbamazepini au lithiamu. Mwenye binti au mke anayetumia dawa hizo asome hapa mara mbili. Valproeti ikitumiwa na mjamzito, katika kila watoto 10 takriban 1 huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na watatu hadi wanne huchelewa kimaendeleo ya akili. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa asianzishwe dawa hiyo ikiwa ipo njia nyingine. Karbamazepini nayo hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na hushusha nguvu ya haloperidoli. Mtu anaongezewa dawa na anazidi kuumwa, watu wakasema kalogwa upya.

Unene

Olanzapini haipindishi shingo kama haloperidoli, lakini inafungua njaa. Kijana anamaliza sufuria ya wali na bado anatazama ya jirani. Ndani ya miezi michache anaongezeka kilo nyingi, na sukari na mafuta ya damu vinafuata. Wasichana wengi huacha dawa kwa sababu hii na hawasemi, wanaona haya.

Siku hizi huongezwa metformini, kidonge kile kile cha wagonjwa wa kisukari, hata kama mgonjwa wa akili hana kisukari. Utafiti umeonyesha kinapunguza ongezeko hilo, si kwa muujiza, kilo chache, na kinafanya kazi vizuri zaidi kikianzishwa mapema. Kinywewe na chakula, maana tumbo hulalamika mwanzoni. Basi ukikiona kwenye pakiti usiseme hospitali wamekosea. Na chai ya sukari vijiko vinne, andazi na soda vipungue kwa nyumba nzima, si kwa mgonjwa peke yake akitazama wenzake.

Mafuta ya samaki na habba soda

Kila nikizungumza msikitini naulizwa kuhusu vitu hivi. Mafuta ya samaki yalileta matumaini makubwa mwaka 2010, pale utafiti wa Vienna kwa vijana 81 waliokuwa na dalili za hatari ulipoonyesha kwamba waliomeza mafuta hayo hawakuingia wazimu kwa wingi kama wenzao. Ukarudiwa kwa vijana 304 katika nchi mbalimbali, matokeo yakatolewa mwaka 2017: hakuna tofauti. Dawa ya kuua bakteria iitwayo minosaiklini nayo ilisifiwa kuwa inakinga ubongo. Nchini Uingereza wagonjwa 207 wa miaka ya mwanzo walipewa, nusu dawa yenyewe na nusu kidonge kitupu, kwa mwaka mzima. Mwaka 2018 ikatangazwa haikusaidia.

Samaki kula, ni chakula chema na bahari yetu haijaisha. Habba soda ni Sunna, mpe kiasi cha chakula. Lakini mwenye shilingi elfu kumi za mwezi, akizitia kwenye chupa ya mafuta akaacha haloperidoli, amenunua kisichotibu kwa pesa ya kinachotibu.

Mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa ambaye akili imeondoka hana kalamu, hakuna anayemdai saumu. Aliyetulia na anataka kufunga, mara nyingi anaweza, ila aulize wiki kadhaa kabla. Haloperidoli na olanzapini huwekwa baada ya futari au wakati wa kulala. Benzheksoli ya asubuhi huhamia daku, ingawa kiu ya mchana itamsumbua, na pengine huo ndio wakati wa kumwuliza mganga kama bado anaihitaji. Anayetumia lithiamu asifunge bila ruhusa ya daktari wake, kwani maji yakipungua mwilini dawa hiyo hugeuka sumu. Aliyekatazwa anayo ruhusa ya mgonjwa iliyotajwa katika Suratul Baqara, asione amepungukiwa.

Sindano ya mwezi je? Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba sindano zisizo za lishe, za ngozi, msuli au mshipa, hazifunguzi. Hivyo tarehe ya Modecate ikiangukia Ramadhani, nenda nayo.

Kuacha

Kijana akikaa miezi sita hana dalili, nyumba nzima hujiuliza kwa nini aendelee. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 1999 uliwafuata wagonjwa 104 wa mara ya kwanza: katika miaka mitano, zaidi ya wanane kati ya kila kumi ugonjwa uliwarudia angalau mara moja, na kuacha dawa kuliongeza hatari hiyo karibu mara tano. Ndiyo maana tunasema aendelee angalau mwaka mmoja hadi miwili baada ya kutulia, na akiacha aache taratibu akiwa mkononi mwa mganga. Za kusindikiza ndizo za kupunguzwa mwanzo. Ya msingi inakuwa ya mwisho. Mama wa leso alikuwa amefuata njia hiyo kinyumenyume, na sikuwa na sababu ya kumlaumu.

Mwanawe tulimrudisha kliniki Jumatatu iliyofuata. Alianzishiwa haloperidoli kwa kipimo kidogo, usiku tu. Benzheksoli ikawekwa ya wiki chache na mama ndiye anayeishika. Ile ya tatu, diazepamu, ikaondolewa. Bei ya mwezi ikashuka chini ya aliyokuwa akilipa, jambo ambalo hata mimi sikulitegemea.

Ikabaki kazi ya kuzitofautisha. Mama yule hasomi herufi za Kizungu zilizoandikwa kwenye bahasha za dawa, lakini amehitimu msahafu na husoma Kiarabu bila kigugumizi. Nikachukua kalamu nikaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandikiana barua babu zetu. Bahasha ya kwanza: "ya ugonjwa, usiku, isikosekane". Ya pili: "ya shingo, asubuhi, mpaka tuseme basi". Alizisoma kwa sauti mara mbili, akazifunga kwenye pembe mbili tofauti za leso.

Wabillahi tawfiq.